Ipunguze

Meza yangu ni pana kama mswala,
Mtaa wa Swahili, chini ya ngazi ya duka la vitenge.
Adui zangu ni vumbi, jasho,
na mpita njia anayegonga meza kwa kiwiko akasema samahani
wakati skrubu ndogo kama yai la chawa
imesharuka, imekwenda zake Kariakoo.

Nina makopo ya maziwa kumi na moja.
La akrabu, la vifunguo, la vioo vilivyochubuka,
na la nyuso: nyuso tupu za saa
zilizobabuka kama kuta za Ilala baada ya masika.
Humo wamelala Waswisi na Warusi na Wajapani,
hakuna anayemdai mwenzake pasipoti.
Humo ndimo ninamoundia saa:
kasha la huyu, mtambo wa yule,
mkanda wa marehemu nisiyemjua.
Mteja huuliza, Orijino?
Najibu, Inakwenda.

Jibu la kijanja, najua.
Lakini ndani ya kila mfuniko, kwa ncha ya sindano,
huchora: Imeungwa na Pazi Shomvi, na mwaka,
ili fundi mwenzangu atakayeifungua siku moja
asije akanitukana kaburini.

Alhamisi, umeme umekatika tangu saa tatu,
Bi Mwanaidi Lukwele akafungua fundo la kanga.
Saa ya mumewe, mpima mizigo bandarini,
yakuti kumi na saba, kaiuziwa na baharia wa Kirusi
kwa shilingi na sanduku la nanasi.
Nikatia jicho kwenye lenzi.
Chumvi ilikuwa imekula, ikashiba, ikasaza.
Springi ilibaki unga mwekundu.
"Mama, hii haifufuki. Naweza kukuundia mwenzake."
Akakaa juu ya ndoo yangu.
"Unda."

Wiki tatu.
Mtambo nikaupata Buguruni kwa Kibwana wa vyuma chakavu,
ndani ya saa ya kike iliyopondwa na gari.
Akrabu nikazichonga upya.
Uso niliuacha uleule wake, nikausafisha kwa pamba na mate,
maana sijaona dawa inayoshinda mate.
Usiku nikailaza karibu na redio,
nikaipima kwa milio ile inayotangulia habari:
kutwa kucha, sekunde sita tu.
Nilijivuna. Nilimwamsha mke wangu kumwambia.
Alisema, Sita za nini, akalala.

Bi Mwanaidi akaiweka sikioni.
Akakaa hivyo mpaka muuza kahawa akapita, akarudi.
"Inasema kweli mno," akasema.
"Ya Mwinshehe ilikuwa mvivu.
Asubuhi akiinyoosha kwa redio,
jioni imeshabaki nyuma dakika nne.
Anaingia, wali umeiva, umeanza kupoa,
ananinyooshea mkono: Tazama, nimewahi.
Miaka thelathini na moja sikumbishia."
Akanirudishia.
"Ipunguze."

Nimeletewa saa zilizozama, zilizoibwa,
moja iliyomezwa na mtoto ikatoka.
Hajawahi kuja mtu kunilipa niharibu.
Kuna kijiti humo ndani, kati ya kujumlisha na kutoa.
Nikakisukuma upande wa kutoa, upana wa unywele,
nikajiona kama namfundisha kigugumizi
mtoto aliyeongoza darasa.

Alipunguza bei pia, elfu tano nzima.
Hilo sikulitegemea kwa mjane.

Leo redio imepiga saa moja jioni.
Kwenye nyuso zote mezani akrabu fupi iko kwenye saba,
na hakuna mtu Dar es Salaam aliyesema saba.
Tumezoea: jicho lione hili, mdomo utaje lile,
na watu wanakutana, wanafuturu, wanaoana.
Basi dakika nne ni nini?
Huko Temeke sufuria imeshaepuliwa
na mtu fulani bado hajachelewa.

Ile skrubu naitafuta mpaka sasa.
Ukiiona, usiikanyage.